Darasa la kuchora watu kwa penseli, Dodoma: nililipia Jumamosi sita

Mimi ni fundi cherehani. Nina meza na vyerehani viwili jirani na Soko la Majengo, huu mwaka wa kumi na saba. Nalisema mapema mtu asije akadhani anasoma maneno ya msanii. Darasani nilipelekwa na biashara. Wateja wangu, hasa akina mama wa wizarani waliokuja huku baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, wananiletea mishono kwenye simu. "Fundi, nataka kama hii, ila shingo iwe hivi, mkono uwe vile." Nikichukua kalamu nimchoree nilichoelewa, kinatoka kitu kama kopo lenye miguu. Mmoja alicheka mpaka akaomba kiti. Nikasema basi, nitakwenda kufundishwa.

Darasa lenyewe halina jina wala kibao. Liko upande wa Kikuyu, nyumba yenye mwembe mkubwa uani, na getini kuna karatasi ya manila iliyoandikwa kwa mkono: KUCHORA WATU, JUMAMOSI, SAA 3. Bodaboda kutoka Majengo ni 2,000, ukijua kuongea. Mwalimu ni mzee aliyestaafu kufundisha sekondari, jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Ada ni 15,000 kwa Jumamosi moja au 75,000 ukilipa sita kwa mkupuo. Mimi nililipa zote sita, maana najijua: nisipolipa mapema, Jumamosi ya pili nina gauni la send-off la kumalizia.

Yaliyonikera niyatoe kwanza, yasije yakaniharibia utamu mbele. Saa 3 ya kwenye manila ni saa 3 na dakika arobaini. Tunakaa barazani, na mwezi wa nane Dodoma mnaujua upepo wake. Karatasi inapepea, vumbi linakaa juu ya mchoro, ukipangusa kwa kiganja umeshatia ukungu kazi ya nusu saa. Nilijifunza kubeba vibanio vya nguo, vinne vinatosha. Viti vya plastiki viwili vina miguu iliyopasuka, na hakuna anayekuambia ni vipi mpaka ukalie. Penseli za darasa ni za bei ya chini kabisa, zimeanguka sakafuni mara nyingi, kwa hiyo risasi yake imekatikakatika ndani ya mti: unachonga, inadondoka, unachonga tena, inadondoka, mpaka unabaki na kipande cha kuchokolea meno. Leta yako. Na mwalimu hasifu. Mwenye moyo wa kupenda kupigiwa makofi atateseka pale.

Siku ya kwanza aliniangalia nikichora dakika kumi nzima. Nilikuwa nimechora shati la yule tuliyewekewa mbele, kola, vifungo sita, mfuko, hata mshono wa bega nimeuweka mahali pake. Akasema, "Mama, umechora nguo. Mtu yuko wapi?"

Nilikasirika. Kisha nikatazama. Kweli, shati lilikuwa limening'inia hewani kama liko kwenye henga.

Tulikuwa tisa. Wanafunzi wawili wa chuo, muuguzi, askari mstaafu aliyekuwa akitoa ulimi kila anapochora, dada wa benki, wengine siwakumbuki vizuri, na kijana mmoja anayechora watu kwa oda. Huyu kijana lazima nimweleze kwa sababu ubishi wote wa darasa ulianzia kwake.

Anachofanya mmekiona. Unamtumia picha kwenye simu, yeye anaipigia viboksi, anapiga viboksi vilevile kwenye karatasi, anahamisha kimoja kimoja, halafu anaanza kukoleza kivuli na kulainisha kwa pamba ya masikio. Wiki moja baadaye unakabidhiwa mama yako kwenye fremu, na kila anayeingia sebuleni anasema, "Jamani! Kama picha!" Hapa kwetu hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa ya mchoraji wa penseli. Mimi mwenyewe nilikuwa naitoa. Kijana alikuja na boksi la penseli kumi na mbili zimepangwa kwa namba, kuanzia zile ngumu mpaka zile laini kabisa za 8B, na mwalimu akamwambia azirudishe kwenye begi. Akampa HB moja na wembe, kama sisi wengine.

"Sasa mwalimu, kivuli nitakitoa wapi?"

"Kivuli hujaulizwa. Picha yako ile nzuri, ya yule bibi, funika uso. Nionyeshe shingo inaingilia wapi kifuani."

Kijana akaitafuta kwenye simu yake, akafunika uso kwa kidole gumba. Chini ya kidevu kulikuwa na weusi laini mzuri, kama moshi. Shingo haikuwepo. Kwenye picha ya simu pale palikuwa peusi, naye akahamisha weusi. Mkono wake haukuwahi kujiuliza chini ya ule weusi kuna nini.

Sitaki mnielewe vibaya, yule kijana anajua kazi. Anakula kwa mkono wake na bei yake ni halali ukihesabu saa anazotumia. Ila siku ile ndipo nilipoanza kuona kwamba "kama picha" ni sifa ya simu, siyo ya mchoraji.

Kuhusu wembe. Mwalimu hataki kichongeo. Kichongeo kinatoa ncha fupi, butu mapema. Kwa wembe unavua mti taratibu mpaka risasi ibaki uchi kama urefu wa ukucha wa kidole kidogo, kisha unainoa kwa kuisugua kwenye karatasi ya msasa. Ukiisimamisha inatoa uzi. Ukiilaza inatoa mstari mpana, wa kijivu, laini. Penseli moja, sauti mbili. Na uishike kwa kuifunika kwa kiganja, kama unavyoshika kijiti cha kuchorea ardhini, mkono utoke begani, vidole vitulie. Kwa fundi hili halikuwa geni: mkasi wa kukatia kitambaa hauendeshwi na vidole. Mkato wa vidole unatoka na meno meno, mkato wa bega unatoka umenyooka.

Alitueleza pia kwamba inayoitwa risasi si risasi. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, alipata hataza ya mchanganyiko huo mwaka 1795, wakati vita vimeifungia Ufaransa isipate grafiti safi ya Uingereza. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake hafifu, hizo ndizo za H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na inakoza zaidi, hizo ndizo za B. HB iko kati. Tena grafiti haiwi nyeusi kabisa hata uikandamize vipi, inaanza kung'aa. Tazama picha nyingi za oda kwa ubavu karibu na dirisha, nywele zinameta kama sufuria.

Sasa niingie kwenye lenyewe.

Baada ya lile shati langu, Jumamosi ya kwanza yote iliyobaki tulimchora mlinzi wa nyumba ya jirani, mzee wa Mvumi. Ameingia, "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, tukaitikia, akaegemeza fimbo yake ukutani, akasimama. Kavaa koti kubwa la kijeshi la zamani na suruali iliyopanda juu ya kifundo cha mguu. Mikao ilikuwa ya dakika moja moja. Dakika moja! Mpaka umeamua pa kuanzia, mwalimu keshapiga kofi la kubadilisha. Alitukataza raba, akatukataza uso, akatukataza nguo. Tutafute kitu kimoja tu: uzito wa huyu mtu umeshukia wapi.

Unaangalia kishimo cha shingoni, pale chini ya koo mifupa miwili ya mtulinga inapokutana. Unashusha mstari wa kwenda chini kama kamba ya jiwe la fundi mwashi. Kwa mtu aliyesimamia mguu mmoja, kamba ile inaangukia kwenye mguu uliobeba. Nyonga ya upande uliobeba inapanda juu. Bega la upande huohuo linashuka, mwili usianguke. Kwa hiyo kiuno kimeinama huku, mabega yameinama kule, na uti wa mgongo unapita katikati umejipinda kama herufi S iliyochoka.

Hapo nilitua penseli. Nimekuwa napima watu miaka kumi na saba. Najua mzunguko wa kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, bega kwa bega. Na miaka yote hiyo nina ugonjwa mmoja sikuwahi kuupatia dawa: gauni refu nililolipigia pini likiwa mwilini mwa mteja, sawasawa na sakafu, akilivaa kwenye shughuli upande mmoja umeshuka. Nilikuwa nalaumu kitambaa. Nilikuwa nalaumu cherehani. Kumbe mama wa watu alikuwa anaongea na simu huku kasimamia mguu wa kulia, nyonga ya kulia imepanda, mimi nimepiga pindo sawa na sakafu kwa nyonga iliyopanda. Akisimama miguu yote miwili, nyonga inarudi chini na nguo inarudi nayo. Kwa hilo peke yake 75,000 yangu ilikuwa imerudi, na ilikuwa bado saa tano asubuhi.

Vipimo vya kichwa nitavipita haraka, viko kila mahali. Mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba hadi saba na nusu, mtoto wa mwaka mmoja ana kama vinne. Mkono ukining'inia, kiwiko kiko usawa wa kiuno na vidole vinafika katikati ya paja. Unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unapimia kwa penseli. Michoro ya mitindo kwenye magazeti ya nguo inarefushwa mpaka vichwa tisa hivi, zote miguu. Sasa fikiria mteja wa vichwa saba anaonyeshwa mchoro wa vichwa tisa, anapenda, analipa kianzio. Ugomvi wa siku ya kuchukua nguo unaanzia pale.

Jumamosi ya pili nguo zikaruhusiwa, nami nikajiona nimefika nyumbani. Sikufika. Nilichora mikunjo ya koti la mzee kwa jinsi ninavyoijua kichwani, mistari mistari tu, kama maji. Mwalimu akaniuliza kila mkunjo unaanzia wapi. Kitambaa hakijikunji kwa hiari yake, kuna pahali kimeshikiliwa na pahali kinavutwa. Bega limelishika koti, kiwiko kilichokunjwa kimelivuta, basi mikunjo inatawanyika kutoka kwenye ncha ya bega kama miale, inakimbilia kiwikoni inajibana. Goti hivyohivyo. Ukichora mkunjo unaoanzia bega na kuishia kiwikoni, umeshachora mkono uliomo ndani bila kuuchora. Kitenge kipya chenye wanga kinavunjika kwa pembe kali, kanga iliyofuliwa mara mia inatiririka. Kumbe haya nilikuwa nayajua kwa vidole tu, macho yalikuwa hayajaambiwa.

Kuna jambo jingine dogo lililonifungua macho, na sijui kwa nini halisemwi mapema shuleni. Mistari miwili ikikutana, mmoja lazima upite mbele na mwingine ukome nyuma yake. Mstari wa taya unapita mbele, wa shingo unakomea chini yake. Mstari wa paja unapita mbele ya tumbo kwa mtu aliyekaa. Ukivigusanisha tu bila kuamua nani yuko mbele, mtu anakuwa bapa kama chapati. Ni kama mfuko wa kubandika kwenye shati: jicho linajua mfuko uko juu kwa sababu ukingo wake haujakatwa na chochote. Hakuna kivuli hapo. Ni mstari tu kujua zamu yake.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Alikuja mama mmoja mpiga muheme na ngoma yake. Kwa wasiojua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, mpigaji anaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Alivaa kaniki na shanga, na mikononi bangili nyingi. Alikaa mkao wa kupiga, magoti yamekunjwa kidogo, ngoma imebanwa, kifua mbele, kwa dakika ishirini na mapumziko. Mapaja yake yalikuwa yanatuelekea moja kwa moja, na hilo ndilo gumu kuliko yote: kiungo kinachokujia usoni kinafupika, akili inakataa. Akili inajua paja ni refu, inataka kulichora refu. Jicho linasema ni fupi kama mkate. Askari mstaafu alichora miguu ya twiga, tukacheka wote, yeye wa kwanza.

Mwalimu akasema tusichore mkono, tuchore bangili. Bangili peke yake, kila moja ilivyo. Ile ya karibu na kiganja ilikuwa imejipinda kwenda juu, ya katikati imenyooka, ya juu imejipinda kuelekea chini. Nikazichora kumi na moja, moja moja, bila mkono. Nilipomaliza, mkono ulikuwa pale. Mnene, wa duara, unakuja mbele halafu unakwenda nyuma, na sikuwa nimeugusa. Nilibaki naitazama karatasi kama mtu aliyeona paka akiongea. Kumbe mstari unaozunguka mwili unasema unene kuliko kivuli. Shanga za shingoni zinasema, pindo la mkono wa blauzi linasema, mistari ya kanga inayozunguka nyonga inasema. Na futikamba yangu! Mara ngapi nimeizungusha kifuani mwa mtu, nikaishia kusoma namba tu.

Wiki hiyo kijana wa oda hakuja, na hakurudi tena. Alikuwa na kazi za harusi. Nilisikitika kidogo, kwa sababu Jumamosi ya nne ilikuwa kama yake.

Mwalimu alileta nakala zilizochapwa za michoro ya penseli ya Ingres. Mchoraji huyu wa Kifaransa alizaliwa 1780 akafariki 1867. Alikwenda Roma mwaka 1806, akakaa miaka mingi, na Napoleon alipoanguka 1815 kazi za wakubwa wa Kifaransa zikakauka. Basi akawa anachora wasafiri na familia zao kwa penseli ili watu wa nyumbani kwake wale. Oda! Alikuwa anakaa na wateja mbele yake kama mimi na kama yule kijana. Lakini tazama alivyogawa kazi. Uso kaufanyia yote, kivuli chepesi kabisa kwenye kope na pembe ya mdomo, umemaliza, unapumua. Ukishuka kwenye koti, hakuna kivuli. Mistari tu, mingine ya kukaza, mingine ya kugusa na kuondoka, tena inakwenda kwa kasi. Na koti lile ningeweza kulikata! Niliona kola imekunjwa juu ya bitana, niliona bega limekatwa kurudi nyuma, niliona kiuno kimebana na kitambaa ni kizito cha sufu. Yote kwa mistari ambayo ukiihesabu haifiki hamsini.

Nilikaa na nakala moja ya mwanamke mwenye shali mpaka wenzangu wakaanza kukusanya vitu. Mstari wa bega lake unaanza umekoza pale shali inapolala na kuelemea, unapanda, unakuwa mwembamba, unafifia kabisa pale mwanga unapopiga, karatasi inabaki tupu kama urefu wa kiganja cha mtoto, halafu unarudi upande wa pili. Pale katikati hakuna kitu. Nimepapasa kwa kidole, karatasi nyeupe. Lakini bega lipo. Mwalimu alisema mstari wa unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho ni waya. Ukitaka uwe mwili, ukaze panapobanwa na panapoelemewa, uuachie panapopumua. Nyumbani nilijaribu kwa kumchora mwanangu aliyelala. Nikakaza kwenye shavu lililobonyea kwenye mto wa kulalia, nikaachia juu ya sikio. Mito yangu bado inafanana na magunia ya mkaa, ila shavu lilikaa.

Zoezi la kuchora bila kuangalia karatasi silipendi, na nitakuwa mkweli. Macho kwa mtu, penseli inatembea, usiinue mkono. Wanasema Rodin, mchonga sanamu, alichora sana hivyo utu uzima wake. Mimi yangu ilitoka kama nyuzi zilizochezewa na paka. Muuguzi alilipenda sana, na wa kwake ulikuwa na kisigino kimoja kizuri cha ajabu kilichokaa karibu na sikio.

Jumamosi ya tano mwalimu alikuwa msibani, hakuna darasa, na fidia haikutajwa. Mimi, dada wa benki na mwanafunzi mmoja tukaamua nauli isikae bure. Tukapanda basi la Babati, tukashuka Kolo, mbele ya Kondoa, kama kilomita 180 kutoka mjini kwetu. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na aibu yangu ni kwamba nimezaliwa mkoa huu na nilikuwa sijawahi kuiona. Unajiandikisha, unapewa mtu wa kukuongoza, unapanda. Mlima unapanda kwelikweli, viatu vya kufunga jamani, siyo ndala kama mwenzetu.

Watu wa kwenye miamba ile ni wekundu, wembamba, warefu kupita kiasi, vichwani wana kitu kikubwa cha duara, nywele au kilemba, sijui uite nini. Hawana nyuso. Wengine miili imejazwa kwa mistari midogo inayokwenda na urefu wa mwili, kama mtu aliyechana kwa kitana chenye rangi. Kivuli hakuna hata kimoja. Nikawahesabia vichwa kwa tabia tu, wakanizidi hata tisa ya magazeti. Lakini wapo walioinama, na ukiwaona unajua mgongo wao umeinama kuanzia wapi. Kiongozi wetu alituonyesha pango la Mungomi, akasema watu wa pale bado huenda kutambika. Tukanyamaza kidogo. Mwanafunzi akatoa daftari akajaribu kuiga mmoja, mstari mmoja tu wa mgongo hadi kisigino, akajaribu mara nne. Mara ya nne akafunga daftari. Aliyechora pale juu hakuwa na raba.

Jumamosi ya sita tulirudi kwa mzee wa Mvumi. Mkao mmoja, saa nzima na mapumziko mawili. Nilikuwa na penseli yangu mwenyewe, 2B ya Staedtler, ghali kwa penseli moja lakini haijanidondokea ncha hata siku moja. Sikuchora uso. Sikutia kivuli, zaidi ya mstari mpana wa kulaza penseli chini ya soli. Nilitumia muda mrefu kwenye mguu wa kulia, nikaukaza kuanzia nyonga hadi kisigino, mguu wa kushoto nikaupitia kwa wepesi, penseli ikigusa tu, na pale kwenye goti la kushoto nikauacha mstari ukapotea kabisa. Mwalimu alipita nyuma yangu. Hakusema kitu, akasogea kwa askari. Kwa viwango vya pale nilishangiliwa.

Nikaupeleka mchoro nyumbani, nikaubandika jikoni karibu na jokofu. Mama yangu anakaa nami, ana miaka sabini na kitu, maisha yake hajawahi kwenda kutazama michoro popote. Asubuhi akasimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Huyu mzee ni nani?"

"Mlinzi wa kule ninakokwenda Jumamosi, mama."

"Hana macho."

"Sikuyachora."

Akanywa chai. Akasogea. "Mguu wake huu wa kushoto unamsumbua. Mwambie akande kwa maji ya chumvi."

Jumatatu nilipita Kikuyu kupeleka sare, nikamkuta mzee getini. Nikamsalimia, nikamuuliza. Goti la kushoto, alisema, tangu mvua za mwaka jana, alianguka na baiskeli. Hajawahi kumwambia mtu pale darasani, nani angemuuliza?

Dukani sasa nachora mbele ya mteja. Michoro yangu si mizuri, ila haichekeshi tena, na nawachora kwa vichwa vyao vyote saba na nusu. Wawili wamelalamika kwamba nimewanenepesha. Mmoja alirudi akaomba aichukue ile karatasi.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na viti, na Jumamosi ya tano ambayo mpaka leo nadai. Wanaotaka kwenda: wembe, karatasi ya msasa, vibanio, penseli moja nzuri, na kitambaa cha kichwa kwa ajili ya vumbi. Mzee wa Mvumi husimama Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wahini nafasi ya upande wa mwembe, ndiko goti linakoonekana, ila kiti cha bluu cha pale msikikalie.